Usimwambie Nyanya

Filamu ya The Farewell, ya Lulu Wang, ilitoka mwaka 2019, lakini jina lake la Kichina ndilo linaloingia moja kwa moja kwenye jambo: "Usimwambie." Nyanya mmoja wa mji wa Changchun, Nai Nai, ana saratani ya mapafu iliyofika hatua ya nne. Amebakishiwa miezi mitatu. Wanawe, mmoja anaishi Marekani na mwingine Japani, wanakubaliana asijue. Mjukuu wa kiume anaozwa haraka haraka ili ukoo upate kisingizio cha kurudi nyumbani. Anayeogopwa ni Billi, mjukuu wa kike aliyelelewa Marekani, maana uso wake hauwezi kuficha kitu.

Niliitazama tena juzi na mama yangu hapa Kisumu. Manukuu ya Kiingereza yalimsumbua macho, ikabidi nimsimulie. Ilipofika ile hila ya harusi akacheka: "Hawa ni watu wetu kabisa."

Ni watu wetu, ila si kabisa.

Tuanze na wanaoficha. Ami yake Billi anamwambia kwamba maisha ya mtu si yake peke yake, ni ya jamaa nzima, na wajibu wao ni kumbebea Nai Nai mzigo wa kujua. Mtu wa Seme au wa Maragoli, huku kwetu magharibi mwa Kenya, hahitaji kufafanuliwa hilo. Nimewahi kuona mgonjwa aliyeingia hospitali kwa miguu yake, akatajiwa jina la ugonjwa, na tangu siku hiyo hata uji ukawa haupiti. Watu walisema ameuawa na hofu. Siwezi kuapa kwamba ni kweli, lakini siwezi pia kuwacheka. Tena filamu ina hoja nzito zaidi, iliyotajwa kama kwa kupita tu: Nai Nai mwenyewe alimficha mumewe vivyo hivyo. Anatendewa alichokiamini.

Billi naye anauliza: je, kama ana mtu wa kuagana naye? Swali hilo huku kwetu lina uzito kuliko hata New York anakoishi Billi. Mama mzee ana madeni ya kulipa na ya kudai, ana kipande cha shamba ambacho ni yeye tu anayejua mpaka wake, ana mtoto ambaye hawajasemezana miaka mingi. Ukimficha, unamnyima neno la mwisho katika boma lake. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi mzito kwamba kuelezwa hakutamfaa. Mlango umeachwa wazi kidogo, ndiyo, lakini ufunguo hawakupewa mashemeji. Mazoea ni mengine: daktari anamwita kifungua mimba nje, kwenye korido, mgonjwa anabaki akitazama dari.

Halafu kuna pesa, jambo ambalo filamu hii haina haja nalo. Huku kwetu uongo huu hauwezi kubaki siri ya familia. Lazima kuchangwe. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, picha ya mgonjwa inawekwa juu, binamu walioko Nairobi na ng'ambo wanaongezwa, mwalimu wake wa zamani, watu wa kanisa. Kila mtu anajua hadi jina la dawa. Asiyekuwemo ni mmoja tu.

Ninachoipendea filamu ni kwamba haimwachii Billi usafi wote. Mwanzoni kabisa wanaongea kwa simu. Nai Nai yuko hospitali, anasema yuko kwa dadake. Billi hana kofia kichwani, anasema amevaa. Baadaye Billi anaficha kwamba amenyimwa ufadhili aliokuwa akiutegemea. Kila upande unamlinda mwingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona kama mashindano ya Mashariki na Magharibi.

Inaponiudhi ni kwa bibi harusi Mjapani, Aiko, ambaye kazi yake karibu yote ni kukaa akichekesha kwa kutoelewa. Na pale mwisho tunapoambiwa kwamba Nai Nai wa kweli, nyanya yake Wang mwenyewe, alikuwa bado hai miaka sita baada ya ugonjwa kugunduliwa. Nilifurahi, kisha nikahisi nimechezewa. Uongo uliobahatika huonekana busara.

Sisi hatukubahatika hivyo. Dani wetu, yaani nyanya yetu, tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Jioni moja tumemzunguka kitandani, simu ya kaka yangu ikawa inalia kila dakika, ujumbe wa M-Pesa juu ya ujumbe.

"Hizo pesa zinazoingia ni za nini?" akauliza.

"Za biashara, Dani."

"Biashara gani, na nyote mko hapa?"

Kaka akazima sauti ya simu. Dani akageukia ukutani, akaomba ashushiwe blanketi miguuni.