Gari Lililosikia Baridi ya -40

Jua linawaka, lami inanata kwenye soli za viatu, na gari langu linaapa kwamba liko kwenye barafu. Mashine ya fundi iliandika hivyo bila aibu: joto la maji ya injini, -40. Nikauliza ni nyuzi za Selsiasi au za Farenhaiti. "Bosi, hapo zote ni sawa," akajibu, na ni kweli, ndipo vipimo hivyo viwili vinapokutana. Nikajua niko mikononi mwa msomi.

Kabla yake kila mpita njia alikuwa ameshatoa hukumu: plagi, pampu, petroli chafu, husuda. Maana gari likishapata moto lilikuwa linatoa moshi mweusi hadi majirani wakawa wanaanua nguo wakisikia tu nikitafuta ufunguo. Ukilizima likiwa na moto, haliwaki tena mpaka lilale kidogo. Plagi ukizitoa ni nyeusi tii.

Fundi akanifafanulia. Kuna sensa ya joto la maji, kidude kidogo chenye nyaya mbili, na kompyuta ya gari hukisikiliza ili ijue imwage petroli kiasi gani. Injini baridi hupewa nyingi. Sasa kompyuta ikiambiwa injini imeganda kiasi hicho, inamwaga petroli kwa huruma zote.

"Sensa imekufa," akasema, akashuka na kufungua boneti kuitazama maiti. Aliporudi kwenye mashine, joto lilikuwa nyuzi 88. Maiti imefufuka.

Tukanunua sensa mpya hata hivyo. Nikaendesha mpaka kona ya kwanza, moshi huu hapa. Nikarudi. Akasoma: -40. Akafungua boneti: 88. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba sufuria.

"Ya nini?" mke wangu akauliza.

"Ya kuchemshia sensa, shemeji."

Sensa ya aina hii, ikipata joto, ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, hushuka. Basi tukazitumbukiza zote mbili, ya zamani na mpya, kwenye maji, mita ya kupimia umeme ikiwa pembeni. Maji yakiwa baridi zilionyesha zaidi ya ohmu 2,000. Yalipochemka zikawa chini ya 300. Zote nzima, zote zimeiva. Ile sufuria ikapigwa marufuku jikoni siku hiyohiyo, na mimi nikabaki na sensa ya akiba.

Zamu ya nyaya ikafika. Fundi akainama juu ya injini inayounguruma, akawa anatikisa kila fungu la nyaya, anavuta kila soketi, mimi nikiwa kwenye usukani namsomea mashine. 88. 88. 89. Gari limetulia, mgonjwa anayepona kila akimwona daktari. Akafunga boneti, akapangusa mikono. Nikafika getini, moshi. Fundi akaanza kunishuku mimi. "Bosi, kwani wewe ukikaa peke yako humo ndani unafanya nini?"

Mke wangu, aliyetoka kudai fidia ya sufuria, akasimama kidogo akitutazama. "Kila mkilipima boneti iko wazi. Likitembea imefungwa. Mshalipima likiwa limefungwa?"

Fundi akajikuna kichwa kwa spana.

Ndipo akachomeka pini nyuma ya soketi ya sensa, kwenye waya unaoleta umeme, akaiunga na mita kwa waya mrefu. Waya wa pili akaubana kwenye hasi ya betri. Zote mbili akazipitisha kando ya waipa, dirishani, hadi kwenye mita iliyokaa mapajani mwa mke wangu.

"Soma, shemeji!"

"Nukta sita!"

Boneti, pa!

"Tano!"

Ikafunguliwa. "Nukta sita!" Pa! "Tano!" Jirani mmoja akaja mbio kuuliza kama kuna mnada.

Hiyo tano ndiyo iliyomfurahisha fundi. Kompyuta hutuma volti 5, umeme unapita kwenye sensa, unarudi upande wa hasi. Ukizikuta zote tano pale kwenye sensa, umeme umefika lakini umekosa njia ya kurudi, na kompyuta huuona ukinzani mkubwa huo ikadhani ni baridi kali. Akaufuata waya wa kurudi kwa vidole. Kibanio kilichokuwa kikishikilia lile fungu kilishavunjika zamani, fungu likanyanyuka, na kila boneti ikifungwa linagandamizwa. Ganda la waya lilikuwa limekauka kwa joto la miaka mingi, ila kwa nje halina hata mkwaruzo. Ndani shaba imekatika. Boneti ikiwa wazi, ncha mbili zinagusana kwa adabu, ikifungwa, zinaachana. Gari lote lilikuwa linasumbuliwa na kifuniko chake.

Kukata, kuunga kwa risasi, kuvalisha mpira na kulifunga fungu mahali pake hakukuchukua muda wa maji yale kuchemka. Boneti ikafungwa: 89, hakuna moshi.

Fundi akakusanya vifaa vyake. Mita haikuonekana. Tukasikia sauti kutoka sebuleni: "Betri ya saa ya ukutani, nukta saba! Nani alisema saa hii imeharibika?" Kisha droo zikaanza kufunguliwa. "Tochi nayo iko wapi? Leteni na rimoti!"

Fundi akanisogelea sikioni. "Bosi, hiyo mita nitaifuata kesho."