Vimeng'enya vya kusimamia protini na ubashiri wa saratani ya mapafu

Seli huondoa protini zisizohitajika kwa msaada wa vimeng'enya vinavyozibandika alama iitwayo yubikwitini, kisha proteasomu huzivunja. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua utaratibu huo. Linalobishaniwa leo ni iwapo kasoro zake, zikipimwa katika uvimbe wa mapafu, zinaweza kumwonyesha daktari mwelekeo wa ugonjwa vizuri kuliko hatua uliyofikia inavyomwonyesha.

Wanaokubali wana hoja nzito katika KEAP1. Protini hii huishika nyingine, NRF2, na kuikabidhi kwa kimeng'enya kilichojengwa juu ya protini ya CUL3 ili ibandikwe alama na kuvunjwa. Jeni ya KEAP1 ikiharibika, NRF2 hulimbikizana na kuamsha jeni zinazoikinga seli dhidi ya sumu, na kinga hiyohiyo huiwezesha seli ya saratani kustahimili dawa na mionzi. Mradi wa The Cancer Genome Atlas wa Marekani, ulipochunguza adenokasinoma (aina mojawapo ya saratani) 230 za mapafu mwaka 2014, ulikuta mabadiliko ya jeni hiyo katika asilimia 17. Hapa kiashiria kinaeleweka kinavyofanya kazi, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu peke yake.

Wenye shaka nao wana ushahidi. ERCC1, protini ambayo hurekebisha DNA na kwa hiyo si ya kundi hili, ilisifiwa mwaka 2006 kuwa hutambulisha wagonjwa watakaonufaika na sisplatini, dawa ya saratani inayoharibu DNA, baada ya upasuaji. Mwaka 2013 ikabainika kwamba kingamwili zilizotumika kuipima hazikuweza kutofautisha maumbo yake manne, ilhali ni moja tu lililofanya kazi, hivyo kipimo hicho hakikuaminika. Hatari hiyo inaikabili kila orodha ya jeni za yubikwitini inayochujwa na kompyuta kutoka hazina moja ya data bila kuthibitishwa kwa wagonjwa wengine.

Zaidi ya hayo, kubashiri mwenendo wa ugonjwa si sawa na kuelekeza tiba. Mabadiliko ya jeni ya EGFR, ambayo protini yake nayo ni kimeng'enya, hupimwa kwa sababu yanamwezesha mgonjwa kupewa dawa kama osimertinibu. KEAP1 haijafikia hapo. Naona ipimwe katika majaribio ya tiba, wagonjwa wagawanywe kwa kuizingatia tangu mwanzo, lakini asiwepo mgonjwa anayenyimwa matibabu yaliyothibitishwa kwa sababu tu jeni hiyo imeharibika.