Kibali cha kupiga detekta: wanaokataa nao wana hoja

Jamaa yangu mmoja hapa Dodoma alinunua detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu iliyofukiwa, ya mtumba toka kwa mchimbaji mdogo aliyechoka na machimbo, mashine yenyewe nzima tu, hedifoni ndo zinakatakata. Mpango wake haukuwa dhahabu. Alitaka sikukuu zikifika ashuke Dar apite kwenye bichi za wazi alfajiri watu wakiwa bado wamelala, aokote pete na cheni na shilingi zilizozama mchangani, na siku za kawaida afanye mazoezi pale Hombolo pembeni ya bwawa maana ndo bichi yetu sisi wa bara. Akaniuliza, kibali naomba wapi? Nikadhani ni swali la dakika mbili. Wiki ya tatu bado tunazungushana.

Shida iko hivi. Ukisema unatafuta madini unaangukia kwenye Sheria ya Madini ya 2010, na pale bila leseni hutafuti wala huchimbi, unaenda Tume ya Madini. Ukisema unatafuta vitu vya kale unaangukia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, nayo kuchimba kutafuta mali kale inataka leseni, hapo ni wizara, kule Mji wa Serikali wa Mtumba. Ukisema natembea tu ufukweni, ufukwe ni ardhi ya umma, utaongea na halmashauri na serikali ya mtaa. Sasa mtu wa pete iliyodondoka Jumapili iliyopita yuko wapi hapo? Pete si madini, si mali kale, na tukisema ukweli si yake pia, ina mwenyewe analia nayo nyumbani. Jamaa akatoka na jibu moja tu: hawa wanatubania.

Na hilo jibu ndo utalisikia kila kijiwe. Serikali inajua ilipo ile dhahabu inayosemwa Mjerumani aliizika enzi za ukoloni wake, inatunyima vibali ije ichimbe yenyewe, wazungu kwao wanaruhusiwa. Hiyo ya wazungu ina ukweli wake, niiseme vizuri. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1996 inayomtaka aliyeokota dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 atoe taarifa ndani ya siku 14, na makumbusho ikiitaka, aliyeokota analipwa pamoja na mwenye shamba. Mwaka 2009 mtu mmoja na detekta yake kwenye shamba la watu huko Staffordshire alikuta lundo la dhahabu ya kale likathaminiwa zaidi ya pauni milioni 3, wakagawana na mwenye shamba, na vitu viko makumbusho watu wanaviona. Yaani mtu anatoa taarifa kwa sababu kutoa taarifa kunalipa. Ukimwambia kijana wa Chamwino atoe taarifa halafu aende zake mikono mitupu, umemfundisha kunyamaza. Hoja hiyo naikubali na sioni wenye ofisi wakiijibu sawasawa.

Ila sasa twende Kondoa.

Pale Kolo kuna michoro ya miambani, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa kule mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Watu wengi wakienda wanaangalia ukutani. Mali nyingine iko chini, kwenye udongo wa hayo mapango, maana ndiyo sakafu ya waliochora na waliokuwepo kabla yao. Kwenye pango la Kisese wataalamu wamekuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Elfu arobaini. Mtu alikaa akatoboa kipande cha yai la mbuni akakivaa, kikaanguka, udongo ukakifunika, na kila tabaka lililokuja juu yake likawa kama ukurasa.

Halafu anakuja mtu na sururu kutafuta rupia, pesa ya Mjerumani. Hii imeshatokea mara nyingi tu ukanda ule, mashimo yapo chini ya michoro yenyewe, maana mganga au mzee fulani alisema ile michoro ni alama za Mjerumani kuonyesha alipoficha. Detekta hailii kwenye ganda la yai. Inalia kwenye mavi ya chuma ya wafua chuma wa zamani, inalia kwenye msumari, kifuniko cha soda, kopo la nyama la mtu aliyepita na kambi yake. Kila ikilia jamaa anashuka nusu mita, anatupa udongo pembeni, shanga zimo humohumo kwenye takataka, na huwezi kuzirudisha kwenye ukurasa wake tena hata ukizikusanya zote na chekeche.

Hapa wapiga detekta wenye akili wana jibu lao, tena zuri. Wanasema sheria yenyewe inahesabu mali kale ni kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863, sarafu ya Mjerumani ya 1916 haimo, sasa tatizo liko wapi? Kwa mwaka huo wako sawa. Lakini shimo la kuifuata hiyo sarafu linapita kwenye vitu ambavyo vimo. Ndo maana mtu wa mambo ya kale akiona detekta anakunja uso, watu wanadhani ana wivu na dhahabu, yeye wala hiyo dhahabu hana habari nayo, anaogopa shimo.

Na hiyo dhahabu yenyewe tuihesabu basi, maana mimi imeninyima usingizi. Sarafu ya dhahabu ambayo kila mtu anaiota ni ile ya rupia 15, ina tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imewabana Wajerumani, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, hapo Iramba kwa majirani zetu wa Singida. Zilipigwa 16,198. Kila moja ina gramu 7 na kidogo. Zidisha: haifiki kilo 117. Ukiziyeyusha zote, yaani zote, zinaenea kwenye ndoo ya lita 10 na nafasi inabaki. Ndoo moja, jamani. Sasa toa zilizopita mikononi mwa watu kama pesa, toa zilizobebwa na askari, toa zilizoko kwa wakusanyaji wa sarafu Ulaya ambako zinauzwa mpaka leo, zilizobaki ndo ugawe kwa kila jiwe na kila mbuyu kuanzia Mpwapwa mpaka Kilimatinde ambapo kuna mzee anaapa kwamba Mjerumani alizika. Na Kondoa ndo kabisa, kufika mwisho wa Aprili 1916 mji ulishachukuliwa na majeshi ya Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza, mwaka huohuo ulioandikwa kwenye sarafu. Huyo wa kuzileta Kondoa kuzizika alipita wapi?

Kitu unachoweza kukuta kweli ni heller, vile visarafu vidogo vya Mjerumani, mia moja kwa rupia moja, ambavyo ndivyo vilivyotupa neno hela. Kwa hiyo ukienda kutafuta hela unaweza kukuta hela, ila ya kununulia soda haitoshi.

Kwa hiyo miambani, mapangoni, kwenye maboma na njia za zamani za misafara, mimi niko upande wa kibali kigumu na sitaki hata kiwe cha haraka. Najua kinaumiza, najua kuna mtu ataingia usiku bila kibali wakati mstaarabu kabaki nyumbani na detekta yake. Bado.

Ufukweni ni kesi nyingine na hapo ndo nagombana na wenye ofisi. Mchanga wa bichi mawimbi yanaugeuza kila siku, hakuna ukurasa wa kuchana pale juu juu. Mtu wa pete na shilingi hachimbi nusu mita, anachota kwa chepeo anafukia. Huyo angepewa karatasi ya mwaka pale halmashauri, eneo likatajwa, karibu na magofu marufuku, pete zenye majina zipelekwe polisi, yaishe. Kumweka kapu moja na mvunja mapango ni uvivu.

Ila hata bichi ina mambo yake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, akaziweka kwenye kopo miaka 35. Alipozipeleka kwa wataalamu mwaka 1979 wakakuta tano ni za Kilwa. Kilwa yetu hii. Vijishaba tu, ukiviyeyusha hupati hata kijiko. Kilichozipa maana ni kwamba yule bwana alikuwa na ramani kaweka alama ya X alipoziokota. Bila ile X zingekuwa sarafu za kwenye kopo la mtu.

Nilimsimulia jamaa, akakaa kimya, kisha akauliza kama simu yake inaweza kuhifadhi sehemu alipo. Nikamwambia inaweza. Barua ya halmashauri tumeiandika pamoja, ukurasa mmoja, Hombolo kwanza. Wakati tunasubiri majibu fundi wa jirani amemkodi atafute bomba la maji lililofukiwa uani kwa mtu, amelipata, amelipwa, na hakuna aliyemdai kibali.