Mapendeleo Yako, Nani Ayabebe?

Asiyekujua hakuthamini, na usemi huu unathibitika haraka sana ukifungua akaunti mpya kwenye huduma ya filamu. Umeshalipia, umeshathibitisha barua pepe, kisha unaambiwa uchague filamu tatu unazozipenda ili huduma "ikufahamu zaidi". Miaka ishirini ya kutazama, filamu uliyoirudia mara sita na zile ulizozima kabla ya dakika ya kumi, yote hayo yakunjwe ndani ya picha tatu zenye ukubwa wa stempu. Na huduma uliyoihama jana inajua hata sekunde uliyoanza kuchoka.

Hapo ndipo linaporudi wazo la zamani kidogo: kwa nini huduma hizi zisipeane wasifu wa mapendeleo yako? Muziki unaousikiliza kule usaidie kukuchagulia filamu huku, vitabu vyako vikuelekeze kwenye podikasti, na ukihama uhame na ladha yako kama unavyohama na namba ya simu. Mwaka 2007 tayari kulikuwa na muundo wa faili uitwao APML, uliokusudiwa kubeba orodha ya mambo unayoyapenda na usiyoyapenda, kila moja na uzito wake, ili huduma yoyote iweze kuisoma. Haukushika. Waliokuwa na watumiaji wengi hawakuona faida ya kuufungulia mlango, na watumiaji wenyewe wengi hawakujua kwamba upo.

Wanaolitetea wazo hili huanza na tatizo la mgeni. Mifumo mingi ya mapendekezo huishi kwa kulinganisha: waliopenda hiki na kile walipenda pia kile kingine. Kwa mtu ambaye hajagusa kitu, mfumo hauna cha kulinganisha, hivyo unamrushia kinachopendwa na kila mtu. Ni kweli, lakini sioni kwamba hoja hii ina uzito inaopewa. Ugeni huo huisha upesi. Ukisikiliza nyimbo mia moja au mia mbili, ukaruka nyingine katikati, mashine imeshakushika pabaya. Kubeba wasifu mzima ili kuokoa wiki mbili za mapendekezo mabovu ni kama kuhama na nyumba kwa sababu ya kusahau ufunguo.

Hoja yao nzito ni nyingine, nayo haitangazwi sana kwa sababu haiwapendezi wenye huduma. Historia yako ndiyo kamba inayokufunga. Mtu anavumilia bei inayopanda, matangazo yanayoongezeka na programu inayozidi kuwa nzito, kwa kuwa orodha zake za nyimbo na mapendekezo yaliyonolewa kwa miaka sita yako humo ndani. Akiondoka anaanza upya. Angeweza kuondoka navyo, huduma ingelazimika kumshikilia kwa kazi nzuri.

Umoja wa Ulaya uliliona hili. Sheria yake ya data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ina kifungu cha 20 kinachompa mtu haki ya kupokea data zake katika muundo unaosomeka na mashine, na pale inapowezekana kiufundi, zipelekwe moja kwa moja kwa kampuni nyingine. Mwaka huohuo Google, Microsoft, Facebook na Twitter walizindua mradi wa pamoja wa kurahisisha uhamishaji huo. Baadaye ikaja sheria ya masoko ya kidijitali, inayozibana kampuni kubwa tangu Machi 2024, na hii ndiyo inayonivutia zaidi kwa sababu inafanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Inazitaka kampuni hizo zikuwezeshe kuchukua data zako mfululizo, bila kusubiri. Papo hapo inazikataza kuchanganya data zako kutoka huduma yao moja hadi nyingine bila ridhaa yako. Mlango wa mwenye mali umefunguliwa, ule wa madalali umebanwa. Mjadala wote, kwa maoni yangu, uko kati ya milango hiyo miwili, na wengi huijadili kana kwamba ni mmoja.

Nilipotaka kuona mwenyewe kinachobebwa ni nini hasa, niliomba nakala ya data zangu kutoka kwenye huduma moja ya muziki. Baada ya siku kadhaa lilikuja faili lililobanwa. Ndani yake mistari maelfu kwa maelfu: jina la wimbo, msanii, tarehe, saa, kifaa nilichotumia, na muda niliosikiliza ukiwa umeandikwa kwa milisekunde. Kulikuwa na usiku mmoja wa Machi ambapo wimbo uleule ulianza saa nane na dakika tatu, ukarudi na dakika saba, ukarudi tena na dakika kumi na moja. Nilikuwa nimeshausahau usiku huo. Kulikuwa pia na wimbo wa kubembeleza watoto uliochezwa mara arobaini na moja ndani ya wiki mbili, kumbukumbu ya mtoto wa dada yangu aliyeivamia simu yangu likizo. Nilichokitafuta sikukikuta: yale ambayo huduma imeyaamini kunihusu kutokana na mistari hiyo. Walinipa shajara, wakabaki na hukumu.

Hilo halikuwa kosa la karani. Wasimamizi wa data wa Ulaya wamekitafsiri kifungu cha 20 hivyohivyo: data uliyoitoa mwenyewe imo, na data iliyotokana na matumizi yako imo, lakini kile ambacho kampuni imekikisia kutokana na hizo hakimo. Watetezi wa kuhamisha wasifu wanalalamika kwamba kilichobaki nyuma ndiyo nyama yenyewe. Mimi naona mstari umechorwa mahali pazuri, ingawa pengine kwa sababu tofauti na za wanasheria.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Katika mifumo mingi ya siku hizi, wewe ni safu ya namba, kumi kadhaa au mamia. Namba ya thelathini na saba katika safu hiyo ina maana ndani ya mashine iliyoizalisha tu. Ukiipeleka kwingine ni kelele. Ili hukumu isafiri, lazima kwanza igeuzwe maneno ambayo kila huduma itayaelewa: anapenda nyimbo za huzuni, husikiliza usiku, ana mtoto mdogo. Mimi sina mtoto mdogo. Kosa la mpwa wangu lingekuwa limeshapata jina na kugongwa muhuri, likafika kwenye duka la vitabu kama ukweli, bila zile nyimbo arobaini na moja ambazo zingeonyesha lilikotoka.

Ya pili inauma zaidi: orodha ya mapendeleo ni kitambulisho, hata ukilifuta jina. Mwaka 2006 Netflix ilitangaza shindano la dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 makisio yake ya filamu ambazo mteja atazipenda, ikatoa hadharani alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja wake wapatao 480,000 walikuwa wamezipa filamu. Majina yaliondolewa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukijua alama nane tu za mtu, mbili kati yake hata zikiwa za uongo, na tarehe zikipishana hadi wiki mbili, unaweza kumtenga na wengine wote karibu kila mara, katika visa 99 kati ya 100. Walizilinganisha na maoni ambayo watu wameyaandika wazi kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, na baadhi ya wasio na jina wakapata majina. Mwaka 2009 kesi ikafunguliwa, na mwaka uliofuata shindano la pili likafutwa kabla ya kuanza.

Atakayesema "ni filamu tu, kuna siri gani?" aangalie utafiti wa mwanasaikolojia Michal Kosinski na wenzake uliochapishwa mwaka 2013. Kwa kutumia kurasa ambazo watu waliojitolea, zaidi ya 58,000, walizipenda Facebook, waliweza kutofautisha mfuasi wa Democrat na wa Republican katika visa 85 kati ya 100, na mwanamume shoga na asiye shoga katika 88. Hakuna aliyeulizwa chama chake wala anayelala naye. Walitazama vitu vya kawaida tu, aina ya vitu ambavyo ungependa huduma yako ya filamu iijulishe huduma yako ya muziki ili upate burudani inayokufaa.

Jaribio la kupeana habari hizi limeshafanywa pia, tena mchana kweupe. Novemba 2007 Facebook ilileta Beacon: ukinunua au kukodi kitu kwenye tovuti washirika, miongoni mwao Blockbuster ya kukodisha filamu, habari ilikwenda kwa marafiki zako. Mtu mmoja aliyenunua pete ili amshtukize mkewe, mke ndiye aliyepata habari mapema. Blockbuster ikashtakiwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inayolinda orodha za video za wateja, sheria iliyozaliwa baada ya gazeti moja la Washington kupata na kuandika filamu 146 alizokodi Robert Bork na familia yake, wakati jaji huyo akipendekezwa kuingia Mahakama ya Juu. (Orodha yenyewe haikuwa na la aibu. Lililowatisha wabunge, nadhani, ni kukumbuka za kwao.) Beacon ilifungwa mwaka 2009.

Watetezi watanijibu kwamba Beacon ilipeleka habari kwa marafiki, na wao wanazungumzia mashine kwa mashine, kwa ridhaa. Ni tofauti ya haki kuitaja. Ila ridhaa ninazozijua ni za kubonyeza kitufe cha bluu ili ukurasa uendelee, na zikishatolewa hazina siku ya mwisho. Bomba likishaunganishwa linatiririka hata baada ya wewe kusahau kwamba lipo. Halafu kuna jambo ambalo ridhaa hailigusi kabisa: mtu si yuleyule kila mahali. Anayesoma usiku vitabu kuhusu saratani hahitaji huduma ya muziki imletee nyimbo za kumfariji. Hata kama mashine imepatia. Hasa kama imepatia.

Kwa hiyo kama ni kubeba, naona ibebwe shajara, ibebwe na mwenyewe, na ibebwe kama nakala ya siku moja, mwenyewe akiwa ameshaipunguza. Mfano wa jinsi inavyowezekana upo. Last.fm kwa miaka mingi imekusanya nyimbo za mtu kutoka programu tofauti tofauti, ukabadilisha kicheza muziki na daftari likabaki moja. ListenBrainz inafanya hivyo leo kwa programu huria. Kinachonipendeza ni kwamba mstari unaonekana. Unaujua, unaukumbuka, na ukitaka unaufuta. Ukurasa wa "anapenda huzuni" huwezi kuuhariri kwa kuwa huujui ulivyoandikwa.

Najua udhaifu wa msimamo huu. Nani atakaa chini kupitia mistari elfu arobaini? Wachache, na wengi wao ni watu wa kompyuta. Wengine watabaki wamefungwa kamba ileile niliyoilalamikia mwanzo, na kampuni zitaendelea kusema haki ipo, watu ndio hawaitumii. Nafuu ingekuwa chombo kinachouliza maswali ya kawaida: muziki peke yake au na filamu, miaka mingapi ya nyuma, usiku uingie au usiingie, ruhusa ife lini. Hakuna ugumu wa kiufundi hapo. Mwaka 2022 Netflix iliwawezesha watumiaji kuhamisha wasifu wao, pamoja na historia na mapendekezo, kwenda kwenye akaunti mpya, kipindi ambacho ilitaka waliokuwa wakitumia akaunti ya mtu mmoja wajilipie wenyewe. Wasifu hubebeka vizuri kabisa unapoelekea upande wenye faida kwa mwenye huduma. Kampuni hiyohiyo mwaka 2014 ilifunga njia ambayo programu za nje zilikuwa zikiitumia kupata taarifa zake.

Faili langu nililipunguza jioni moja. Niliondoa nyimbo za mpwa, nikaondoa ule usiku wa Machi, nikaurudisha, nikauondoa tena. Kisha nikaenda kwenye huduma nyingine inayopokea historia kutoka nje, nikachagua faili. Chini ya kitufe cha kupakia kulikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama ya vema: "Unganisha akaunti zako na uendelee kusasisha." Nikaiondoa alama, ndipo nikabonyeza.