Geti la Klabu ya Gofu Lifunguliwe Jumapili

Katika kanuni 13 za gofu zilizoandikwa mwaka 1744 kule Leith, kando ya Edinburgh, Scotland, kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Ni ya kumi. Inasema mpira ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, upigwe kutoka pale pale uliposimama.

Waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wenye nafasi zao mjini, na bado iliwabidi waandike juu ya farasi na mbwa, kwa sababu uwanja haukuwa wao. Ulikuwa ardhi ya umma, na kila mwenye safari yake alikatiza. Hata tuzo waliyoshindania, fimbo ya fedha, ilitolewa na halmashauri ya jiji. Ndiyo maana kila ninapopita kando ya ukuta mrefu wa klabu ya gofu katikati ya mji, ukuta ambao kwa dakika kumi za mwendo huna unachokiona ila vilele vya miti, huikumbuka kanuni ya kumi. Mchezo huu ulizaliwa katikati ya watu. Ukuta ulikuja baadaye.

Sisemi klabu ni kitu kibaya. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza alikuwa daktari wa upasuaji, John Rattray, na ushindi ukampa unahodha. Mwaka uliofuata uasi ulizuka Scotland, naye akajikuta upande ulioshindwa, akiwa tabibu wa Mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyeuongoza uasi huo. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746 alitiwa mbaroni, na kitanzi kilikuwa kinamngoja. Aliyemtetea hadi akaachiwa ni jaji mkuu Duncan Forbes, mtu wa upande wa serikali, aliyekuwa mwenzake wa gofu pale Leith. Siasa ziliwatenga, uwanja ulikuwa umekwisha kuwaunganisha. Hilo ndilo jambo jema klabu inaloweza kulifanya, na bado inalifanya. Nimewaona wazee waliofiwa na wake zao, ambao wiki nzima hawana wa kuzungumza naye, wakisubiri Jumamosi asubuhi kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Wanacheza wanne wanne, wale wale kwa miaka ishirini, kisha wanakaa kwenye baa, ile inayoitwa shimo la 19 kwa kuwa uwanja una 18, kubishana juu ya mkwaju mmoja uliopotelea vichakani.

Na handikapu, ile namba inayopima uwezo wa mchezaji, ambayo kadiri ilivyo kubwa ndivyo anavyopewa mikwaju mingi ya ziada! Sijui mchezo mwingine unaompa mnyonge heshima namna hii. Mwenye handikapu 6 akikutana na mwenye 24, huyu wa pili hupewa mikwaju 18 ya ziada, na mchezo unakuwa mchezo kweli. Babu anamshinda mjukuu, karani anamshinda meneja wake. Tatizo ni kwamba usawa huu uliishia kwenye majani. Ulipofika mlangoni pa jumba la klabu, ulibaki nje.

Mlango huo una historia nzito. Kuingia uanachama ulihitaji wa kukupendekeza na wa kukuunga mkono, na katika klabu nyingi kura zilipigwa kwa vijipira vyeupe na vyeusi, ambapo cheusi kimoja au viwili vilitosha kukufungia nje bila ya mtu yeyote kukwambia sababu. Wachezaji wa kulipwa, mabingwa wenyewe ambao watu walilipa kuwatazama, hawakuruhusiwa kukanyaga ndani. Walibadilishia nguo bandani. Mwaka 1920 klabu ya Inverness mjini Toledo, Marekani, ilipoandaa mashindano ya taifa, iliwafungulia mlango. Wachezaji wale walichanga fedha wakawanunulia wenyeji saa kubwa ya kusimama, kwa shukrani. Yaani kuruhusiwa kupita mlangoni tu kulistahili saa.

Lakini kisa kinachoniumiza zaidi ni cha Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa. Alikuwa Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, na kazi yake ya kwanza uwanjani ilikuwa ukedi, kubeba mikoba ya wengine. Alijifunza kupiga mwenyewe, mikono ikishika fimbo kinyume na wote, na mwaka 1959 alikwenda Uholanzi akashinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya Natal kwenye uwanja wa Durban Country Club. Mvua ilikuwa inanyesha. Wazungu aliowashinda walikuwa ndani, pakavu, kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu yeye kuingia. Akakabidhiwa kombe nje, mvuani. Picha ya tukio lile ilizunguka dunia.

Nikifikiria makedi, huwa narudi kwa Papwa. Kedi anaujua uwanja kuliko mwanachama. Anajua mteremko wa kila shimo, anajua upepo wa saa kumi, anajua bosi wake akikasirika hupiga kulia. Katika klabu ngapi anaruhusiwa kucheza pale anapobeba? Zipo zinazowatengea makedi siku yao, nazo nazisifu. Iwe desturi ya kila klabu, si hisani ya kamati fulani.

Wanawake nao walingoja. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Scotland, iliyoanza mwaka 1754, ilipiga kura ya kuwakubali mwaka 2014. Ile klabu ya Leith iliyoandika kanuni 13, ambayo siku hizi iko Muirfield kwenye uwanja wake yenyewe, iliwakataa mwaka 2016. Kura hazikufika theluthi mbili. Ikaambiwa haitapewa tena mashindano makubwa ya Uingereza, ikapiga kura upya mwaka 2017, ikakubali. Sifurahii kwamba ilihitaji kusukumwa.

Sasa tuje kwenye ardhi. Uwanja wa mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi kwa urahisi. Klabu nyingi za mijini zilipoanza zilikuwa pembezoni, penye mashamba. Mji ukakua, ukazizunguka, na leo ndizo kipande kikubwa cha kijani kilichobaki. Wapo wanaotaka zivunjwe zijengwe nyumba. Mimi sitaki. Mti uliokatwa haurudi, na ndege, maji ya mvua na hewa ya mtaa mzima vinategemea nyasi zile. Ninachotaka ni kidogo: Jumapili ya kila wiki, au hata nusu yake, fimbo ziwekwe chini na geti lifunguliwe. Watoto wakimbie. Jirani aone kilichoko upande wa pili wa ukuta aliouzoea maisha yake yote.

Najua majibu. Wanachama ndio wanaolipia majani, watu watayaharibu, mipira ni hatari. Hatari haipo siku ambayo hakuna anayecheza. Kuhusu majani, tazameni Old Course ya St Andrews, uwanja mashuhuri kuliko wote duniani. Si mali ya klabu yoyote, ni wa mji. Jumapili za kawaida haichezwi gofu pale: watu wanatembea na watoto, wanatandika mikeka, wanafungulia mbwa. Jumatatu wachezaji wanarudi na kupiga mipira juu ya majani yale yale, na mashindano makubwa ya Uingereza ya mwaka 2022, ya 150 tangu yaanzishwe, yalifanyika hapo hapo.