Mgonjwa hasemi "vomit"

Mwaka 2021 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alisema jambo lililowauma wengi: kati ya wauguzi 300 waliokuwa wakiandaliwa kwenda kufanya kazi Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Kenya, jamani! Nchi ambayo mtoto anafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na muuguzi anasoma anatomia na famasia kwa lugha hiyo hiyo mpaka siku ya kupata leseni.

Watu wakagawanyika. Huku lawama kwa shule na vyuo, huku lawama kwa Mwingereza anayewataka wauguzi wetu na bado anawawekea kizingiti. Kizingiti chenyewe kinajulikana: kwa anayefanya mtihani wa IELTS, baraza la wauguzi na wakunga la huko linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Mimi hiyo kumi kwa mia tatu nimeizungusha kichwani mara nyingi. Watu 290 waliofanya mitihani yao yote ya uuguzi kwa Kiingereza hawawezi kuambiwa hawajui Kiingereza. Sidai kwamba waliangushwa na jambo moja, maana mtihani una sehemu nne na kila mtu ana mahali pake pa kuteleza. Lakini tarakimu ile inanifanya niulize ni Kiingereza kipi tunachofundishwa, na kipi kinachozungumzwa wodini Birmingham saa nane za usiku.

Hapo ndipo linapoingia jambo linalochekwa sana: watu wazima kukaa chini wakajifunza nahau za Kiingereza, pamoja na vile vitenzi vyenye mkia ambavyo walimu wanaviita phrasal verbs, yaani kitenzi kifupi kikifuatwa na up, off, out au down, kisha maana inageuka kabisa.

Wanaocheka wana hoja. Kiingereza leo kina wasemaji wengi zaidi waliojifunza kuliko waliozaliwa nacho. Mtanzania anayefuata mzigo Guangzhou na Mchina anayemuuzia hawana haja na misemo ya London. Wanataka bei, idadi na siku ya kusafirisha. Barbara Seidlhofer, mwanaisimu wa Vienna, ameonyesha jinsi mazungumzo ya namna hiyo yanavyokwama pale mmoja anapotumia nahau ambayo mwenzake hajawahi kuisikia. Hata angani ni hivyo. Rubani wa safari za kimataifa anatakiwa awe angalau ngazi ya 4 katika kipimo cha lugha cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na katika kipengele cha msamiati nahau haitajwi mpaka ngazi ya 5. Unashushwa salama na mtu ambaye hakudaiwa nahau hata moja.

Kuna pia biashara ya orodha. Kwa kuwa vigezo vya alama 7 ya kuzungumza vya IELTS vinataja msamiati wa kinahau, watahiniwa wanauziwa misemo ya kukariri, kisha mtu anaulizwa kuhusu chakula anachopenda, anaingiza once in a blue moon, yaani mara chache mno, mara tatu. Ni sawa na mgeni akuamkie kwa methali tatu kabla hajakujulia hali.

Kuhusu mapambo, basi, nakubaliana nao. Kosa lao ni kuvitia vitenzi vyenye mkia katika kapu moja na mapambo.

Msikilize mgonjwa wa Kiingereza akijieleza. Ametapika, anasema I threw up. Amezimia, I passed out. Anaulizwa kama kikohozi kinatoa makohozi, anajibu kwamba yapo anayo-bring up kila asubuhi. Ganzi inaisha nguvu, it's wearing off. Vipele vimemtoka, I've come out in spots. Uvimbe umepungua, it's gone down. Na mzee wa kitanda cha jirani akifariki, he passed away. Ukichanganya hiyo na pass out umempelekea mtu msiba usiokuwapo.

Muuguzi wetu anajua haemorrhage, kuvuja damu, na abdominal distension, kuvimba tumbo, na herufi hakosei. Kwa Mwingereza wa kawaida hayo ndiyo maneno magumu. Yeye lugha aliipata kwa mama yake, sisi tuliipata kitabuni; kwa hiyo kigumu chake ni chepesi chetu, na chepesi chake ndicho kinachotutoa jasho. Historia nayo ina mkono wake. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vikatamalaki mahakamani, kanisani na shuleni, maneno ya wenyeji yakabaki jikoni. Mtu akiugua anarudi jikoni.

Nasi hatuko mbali nao. Mlete Muhimbili daktari Mjerumani aliyejifunzia Kiswahili darasani. Mgonjwa anamwambia, "Dokta, naendesha tangu jana." Anaendesha nini? Wa pili miguu imekufa ganzi, wa tatu tumbo linamkata, na ndugu wa wa nne wanasema mzee wao amekata kauli. Kuendesha anakujua, kufa anakujua, kukata anakujua. Na hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa hao aliyetaka kumpambia maneno.

Ipo hofu kwamba vitenzi hivi havina mwisho. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichambua mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wakakuta vitenzi mia moja tu vya aina hii vinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yake yote. Mia moja! Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anakariri zaidi ya hapo kwa muhula. Ila hesabu yao ina upande wa pili usiochekesha: hivyo mia moja vina maana 559, kama tano na nusu kwa kila kimoja. Orodha za kukariri zinafia hapo. Zinakupa pick up moja, nawe mbele ya safari unakutana na ya kuokota, ya kumpitia mtu kwa gari, ya kuidaka lugha kwa kusikia tu, na ya kuambukizwa ugonjwa.

Anayejiandaa kusafiri ningemwambia aanze na vya wodini, na aanze na sikio. Kuvitamka kunaweza kungoja. Akiandika au kusema kwamba mgonjwa vomited, hakuna atakayemshangaa. Taabu iko kwenye anachoambiwa. Chukua come round: ni kuja kumtembelea mtu, na ni kuzinduka baada ya dawa ya usingizi. Binti anapiga simu wodini baada ya mama yake kupasuliwa, anauliza, "Has she come round yet?" Muuguzi, vyeti vyake vyote vimetimia, anageuka kutazama mlangoni.