Radio Luxembourg na Jumapili za BBC

Wapenzi wa redio hupenda kukisimulia kisa cha Radio Luxembourg, kituo cha biashara kilichowarushia Waingereza vipindi na matangazo kutoka nchi ya Luxembourg, kama cha Abunuwasi: mjanja kutoka kijinchi kidogo anamzidi mfalme akili. Mfalme mwenyewe ni BBC. Kisa kitamu, ila nusu yake tu ndiyo kweli.

Kweli hiyo iko kwenye Jumapili. Miaka ya 1930 BBC ilikuwa peke yake hewani Uingereza, ikiendeshwa kwa ada ya shilingi 10 kwa mwaka kutoka kwa kila mwenye redio, bila matangazo ya biashara. Mkuu wake, John Reith, mtoto wa mchungaji, aliifanya Jumapili siku ya ibada na muziki mzito. Mtu aliyeshinda kiwandani wiki nzima alitaka dansi. Akizungusha kitufe alikuta Radio Normandy kutoka Fécamp, Ufaransa, na kuanzia 1933, mtambo wa Luxembourg wenye nguvu ya kilowati 200. Saa kumi na moja na nusu jioni watoto walijikusanya kusikiliza klabu ya Ovaltine, kinywaji cha watoto: wimbo, beji, na ujumbe wa mafumbo ambao mwanachama tu ndiye aliyeweza kuufumbua.

Posta, iliyomiliki laini za simu, ilikataa kuipa Luxembourg laini ya kupeleka sauti kutoka London. Magazeti, yakihofia kupokonywa wateja wa matangazo, hayakuchapa ratiba zake. Hapo mimi niko upande wa msikilizaji, maana alifichwa hata saa ya kipindi. Basi vipindi vikarekodiwa London na kusafirishwa. Vingine vilitengenezwa na wakala wa matangazo J. Walter Thompson katika studio yake ndani ya Bush House, naam, jengo lile lile ambalo baadaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitusalimia kutoka humo miaka nenda miaka rudi.

Hata hivyo BBC haikuwa na uchoyo mtupu. Masafa ya redio ni kama kisima cha kijiji, lazima yawe na zamu. Mkutano wa Lucerne wa 1933 ulipoyagawa kwa nchi za Ulaya, Luxembourg ilijikalia kwenye masafa marefu (long wave) ambayo haikupewa. Mwenye mtambo mkubwa akifanya hivyo, anayezibwa mdomo ni jirani mwenye mtambo mdogo. Kisha mtambo mkubwa hauchagui bwana. Mwaka 1940 Wajerumani waliuteka, na kule kulikokuwa kukiuzwa kinywaji cha watoto kukasikika propaganda ya William Joyce, mtangazaji wa Wanazi kwa Kiingereza, yule "Lord Haw-Haw". Wamarekani walipouchukua 1944, nao waliutumia usiku kuwahadaa Wajerumani, wakijifanya kituo cha Kijerumani.

Baada ya vita ikaja enzi ya mita 208, urefu wa wimbi la Luxembourg kwenye masafa ya kati, ambayo wazee wa Uingereza huikumbuka hadi leo: kijana yuko chini ya blanketi, transista sikioni, sauti inakuja na kuondoka kama maji ya bahari, kwa kuwa masafa ya kati hufika mbali usiku tu. Alidhani anachaguliwa nyimbo kwa mapenzi. Kumbe vipindi vingi vilikuwa vimenunuliwa na kampuni za santuri kama EMI na Decca, na santuri ilikatwa katikati ili nyingine ipate nafasi. Kwa hiyo siwezi kuiita Luxembourg mkombozi. Ilikuwa duka lililofunguliwa wakati duka la serikali limefungwa.

Lakini bila duka hilo, BBC ingefungua lini? Radio Caroline ilipoanza kupiga muziki mchana kutoka melini, Pasaka ya 1964, hata Luxembourg ilitikisika. Sheria ya Bunge ya kupiga marufuku redio za melini ilianza kazi Agosti 1967. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Septemba, BBC ikazindua Radio 1, idhaa yake ya muziki wa pop, na aliyefungua kipindi cha kwanza asubuhi ile alikuwa Tony Blackburn, ambaye kazi hiyo alijifunzia melini.